Sura ya Tano: Herufi za Mchonga Mawe ya Makaburi

Benjamin Franklin alikuwa mpigachapa kabla hajawa mwanasiasa, na utani wake ulikuwa wa kifundi. Mwaka 1760, akiwa London kwa shughuli za jimbo la Pennsylvania, alimwandikia John Baskerville wa Birmingham barua ya kumsimulia kisa. Bwana mmoja msomi alikuwa akilalamika kwamba herufi za Baskerville zitawapofusha wasomaji wa taifa zima. Mistari yake ni myembamba mno, alisema, inachoma macho, na yeye mwenyewe hawezi kumaliza mstari mmoja bila maumivu. Franklin akamuuliza kama tatizo si mng'ao wa karatasi. La hasha, akajibu bwana yule, ni umbo la herufi zenyewe.

Siku bwana huyo alipomtembelea, Franklin akaenda kabatini, akatoa karatasi ya sampuli za herufi za William Caslon, fundi aliyetawala matbaa za London wakati ule, akachana sehemu ya juu yenye jina, kisha akamkabidhi mgeni wake kana kwamba ni sampuli ya Baskerville. Tafadhali nionyeshe kasoro, maana mimi nimetazama sikuziona. Mgeni hakusita. Akazipitia safu kwa safu akionyesha hapa pamezidi, pale pamepungua, na akakiri kwamba hata dakika ile macho yanamuuma. Franklin alimstahi, hakumwambia kitu. Herufi zile ndizo mgeni huyo alizozisoma tangu utotoni bila tabu yoyote, na ndizo zilizochapa hata kitabu alichokiandika yeye mwenyewe.

Wabunifu wa herufi hukipenda sana kisa hiki, kwa sababu kinamwaibisha mjuaji. Mimi huvutiwa zaidi na swali ambalo mjuaji yule alilipuuza, lile la karatasi. Kurasa za Baskerville kweli zilikuwa tofauti na kurasa zote zilizokuwa zikitoka Uingereza, na kweli ziling'aa, ila utofauti huo haukutoka kwenye herufi peke yake. Fonti tunayoichagua leo kwa kubofya jina lake kwenye orodha ya kompyuta ni kipande kimoja tu cha kitu alichokitengeneza, na anayetaka kuitumia vizuri lazima ajue vipande vingine vilikwenda wapi.

Baskerville alizaliwa mwaka 1706 katika kijiji cha Wolverley, Worcestershire. Alipofika Birmingham akiwa kijana alijipatia riziki kwa kufundisha mwandiko, na pia kwa kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi. Kibao chake cha tangazo, kipande cha jiwe la sleti alichokichonga kwa mitindo mbalimbali ya herufi ili wateja wachague, bado kimehifadhiwa katika maktaba ya mji huo. Kazi hizo mbili zilimpa elimu ambayo wachapaji wengi wa enzi zake hawakuwa nayo. Mwalimu wa mwandiko wa karne ya 18 hakutumia tena kalamu yenye ncha pana iliyokatwa mshazari, ile iliyozaa herufi za vitabu vya kale. Alitumia kalamu yenye ncha kali inayopanuka ikikandamizwa: ukishuka na mkono unakandamiza, mstari unanenepa, ukipanda unalegeza, mstari unabaki kama uzi. Na patasi kwenye sleti hukata ukingo mkali usio na ukungu wowote. Yaani kabla hajagusa risasi ya matbaa, Baskerville alikuwa tayari na picha kichwani ya jinsi herufi inavyopaswa kuonekana.

Ila hakuwa na fedha. Hizo alizipata kwenye sinia. Mnamo miaka ya mwisho ya 1730 aliingia biashara iliyokuwa ya mtindo, ya kupaka vyombo vya bati vanishi nyeusi inayong'aa kwa kuiga kazi za Japani: sinia, vikasha, meza ndogo za chai. Mwaka 1742 alisajili hataza ya njia yake. Akatajirika, akanunua shamba pembezoni mwa mji, akajenga nyumba aliyoiita Easy Hill, akawa anapita mjini na gari la farasi lililopambwa kwa vanishi yake mwenyewe. Akiwa na miaka ipatayo 45, umri ambao mtu mwingine angekaa barazani ahesabu faida, akaamua kuwa mpigachapa.

Kwa zama zile uamuzi huo ulihitaji subira kuliko fedha. Kila herufi ilianza kama ncha ya kipande cha chuma cha pua. Fundi aliichonga herufi hapo kinyumenyume kwa tupa na patasi ndogo, kwa ukubwa uleule itakaochapwa, akipima umbo lake kwa kuipitisha kwenye moshi wa mshumaa na kuigonga juu ya karatasi. Akiridhika, chuma kiligumishwa kwa moto, kikapigwa nyundo kwenye kipande cha shaba ili kiache shimo la herufi. Shaba hiyo ikawekwa kwenye kalibu, na humo ikamiminwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Kilichotoka ni herufi moja. Kitabu kilihitaji maelfu yake, na kila ukubwa wa herufi ulidai seti yake mpya ya vyuma vilivyochongwa upya. Aliyeshika tupa hakuwa Baskerville. Alikuwa John Handy, fundi wa kuajiriwa, ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya fonti ya kompyuta yoyote niijuayo. Baskerville alichora, akakataa, akachora tena, na majaribio hayo yakachukua miaka.

Tuitazame basi herufi yenyewe. Vijiguu vidogo vilivyo kwenye miisho ya mistari, ambavyo wachapaji huviita serifu, kwa Caslon vilikuwa vinene, vya mviringo, kama vimelainishwa kwa kutumika. Kwa Baskerville vimekonda na kuchongoka, vikiungana na shina la herufi kwa mpindo mwororo. Tofauti kati ya mstari mnene na mwembamba imeongezeka. Ukiitazama "o" yake, sehemu mbili nyembamba ziko juu kabisa na chini kabisa, si za kuegemea kushoto kama kwenye herufi za zamani. Ni ile kalamu yenye ncha kali ndiyo inayosema hapo. Herufi ni pana, zina hewa ndani. E kubwa ina mkono wa chini mrefu kuliko wa juu. C ina serifu juu na chini. J inashuka chini ya mstari. Mkia wa Q unajirusha mbali kama mwalimu anayetia saini chini ya ripoti aliyoifurahia. Na herufi ndogo ya "g", ambayo ndiyo kitambulisho cha ukoo huu wote, kitanzi chake cha chini hakifungi. Kimeachwa wazi upande wa kushoto. Mtu akikuuliza fonti hii ni Baskerville au ni nyingine, usihangaike na kitu kingine, tafuta "g".

Katika herufi za mlazo ndipo mwalimu wa mwandiko anapojisahau kabisa. N, T, Y na Q kubwa za mlazo zinapinda kwa madaha ya mkono unaoandika mwaliko, na bado zinakaa kwenye mstari kwa adabu. Wapo wanaosema mlazo wake ni bora kuliko herufi zake za wima. Sibishani nao.

Sasa zingatia tatizo lake. Mstari mwembamba kama uzi ulikuwa hauchapiki. Mtambo wa mbao wa karne ya 18 ulikandamiza karatasi iliyoloweshwa, nyuma yake pakiwa na blanketi laini la sufu, hivyo herufi ilizama ndani ya karatasi na wino ukatambaa pembeni. Kila mstari ulitoka mnene kuliko risasi yake. Wachongaji wa herufi walilijua hilo na waliruhusu nafasi kwa ajili yake. Karatasi nayo ilitengenezwa juu ya chujio la nyaya zilizopangwa sambamba, ikatoka na michirizi unayoweza kuihisi kwa kidole. Uzi wa Baskerville ungekatika kwenye kila mchirizi.

Kwa hiyo alibadilisha kila kitu. Akaunda mitambo yake mwenyewe yenye mabamba ya shaba nyeupe yaliyosawazishwa kwa uangalifu mkubwa, akaondoa ulaini wa nyuma ya karatasi akaweka kitu kigumu zaidi, ili herufi ibusu karatasi badala ya kuzama. Wino akautengeneza kwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa na masizi laini, akauacha ukae muda mrefu kabla ya kuutumia. Mtu aliyetajirika kwa vanishi nyeusi hakuhitaji kufundishwa weusi ni nini. Kwa karatasi alitumia ile mpya iliyotengenezwa kwenye kiwanda cha James Whatman wa Kent juu ya wavu uliofumwa kwa nyaya nyembamba sana, karatasi isiyo na michirizi. Mwisho, karatasi zilizokwisha kuchapwa alizipitisha kwenye mabamba ya shaba yaliyopashwa moto, zikatoka nyororo na zenye mng'ao. Huo ndio mng'ao ambao Franklin aliuulizia.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1757, mashairi ya Virgil kwa Kilatini. Ukurasa wake wa mbele hauna ua, hauna fremu, hauna picha ya malaika wanaopiga tarumbeta. Ni herufi kubwa zilizoachiana nafasi, na weupe mwingi kandokando. Leo tumezoea kurasa za namna hiyo kiasi kwamba hatuoni ujasiri uliokuwamo. Wakati ule mchapaji alipamba ukurasa kama alivyopamba sebule. Baskerville alizitoa samani nje. Mwaka uliofuata akatoa Milton, na katika dibaji yake akaeleza jinsi mapenzi ya uzuri wa herufi yalivyomshika tangu mapema maishani. Ni dibaji ya mtu anayemsifu Caslon kwa heshima zote kisha kusema, kwa lugha ya kistaarabu, kwamba kazi bado haijaisha.

Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa wadhifa wa mpigachapa wake mwaka 1758, kwa masharti mazito na kwa malipo, naye alitaka ruhusa hiyo kwa sababu moja kubwa: bila Cambridge, Oxford au mpigachapa wa mfalme, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuchapa Biblia nchini Uingereza. Biblia yake ya mwaka 1763 huhesabiwa miongoni mwa vitabu vizuri kuliko vyote vilivyopata kuchapwa katika nchi hiyo. Haikuuzika. Nakala zilizobaki zilikwenda kwa muuza vitabu wa London kwa bei ya kutupa. Kejeli ni kwamba mchapaji wake hakuwa muumini. Alichukia makanisa waziwazi, na katika wosia wake alikataa kuzikwa katika ardhi iliyobarikiwa. Alipofariki Januari 1775 alizikwa ndani ya jengo lenye umbo la pia shambani kwake, lililowahi kuwa kinu. Hakuachwa apumzike. Katika miaka ya 1820 shamba lilipochimbwa, jeneza lake la risasi likapatikana, likawekwa dukani, watu wa mji wakaenda kumtazama. Baadaye mabaki yake yalifichwa chini ya kanisa moja, na kanisa hilo lilipovunjwa mwishoni mwa karne ile yakahamishiwa makaburi ya Warstone Lane, ardhi ya Kanisa la Uingereza, ambako yako hadi sasa.

Kwa habari ya herufi zake, mtu wa kukumbukwa ni mjane wake. Sarah Eaves aliingia Easy Hill kama mtunza nyumba akiwa na watoto, baada ya mume wake kukimbia nchi kwa kesi za ulaghai. Akaishi na Baskerville bila ndoa, kwa kuwa talaka haikupatikana, na mji ukasema uliyosema. Mume alipofariki mwaka 1764, wawili hao wakafunga ndoa upesi. Baskerville alipokufa, Sarah alibaki na karakana nzima ya vyuma, shaba na risasi ambavyo hakuna mchapaji wa Kiingereza aliyevitaka. Mwaka 1779 aliviuza kwa Mfaransa, Pierre-Augustin Caron de Beaumarchais, mtunzi wa tamthilia za Figaro, kwa pauni 3,700.

Beaumarchais alikuwa na mradi wa hatari: kuchapa maandiko yote ya Voltaire, ambayo mengi yalikuwa marufuku Ufaransa. Akajificha kwa kutojificha. Akafungua matbaa Kehl, mji wa upande wa pili wa mto Rhine, ukitazamana na Strasbourg, mahali ambapo sheria za mfalme wa Ufaransa hazikufika. Kuanzia 1784 hadi 1789 juzuu 70 zilitoka huko, zote kwa herufi za Birmingham. Alipata hasara kubwa. Mtu aliyelaani dini hadi kaburini angefurahi, nadhani, kuona risasi yake ikimchapa Voltaire baada ya kumchapa Musa na Paulo.

Wakati huohuo wazo lake lilikuwa limeshavuka mipaka kwa njia nyingine. Mpigachapa Giambattista Bodoni, akiwa kijana, aliondoka Roma akielekea Uingereza, lakini aliugua njiani na hakufika. Akaajiriwa Parma, na huko akaipeleka tofauti ya unene na wembamba mahali ambapo Baskerville hakuthubutu. Ukoo wa Didot mjini Paris ukafanya vivyo hivyo. Kwa Bodoni na Didot serifu ni uzi mnyoofu usio na mpindo, na ukurasa unapendeza ukiutazama kwa mbali, ila ukiusoma saa nzima macho yanaanza kuona nguzo tu. Hapo ndipo ninapompa Baskerville ushindi: alijua pa kusimama. Mistari yake myembamba haikupita kiwango ambacho sentensi ndefu inaweza kubeba.

Zaidi ya karne moja ikapita herufi za Baskerville zikiwa Ufaransa, zikibadilisha wenyewe, jina la mchapaji wake likisahauliwa. Mwaka 1917 Mmarekani Bruce Rogers, mbunifu wa vitabu aliyekuwa akiishauri matbaa ya Chuo Kikuu cha Cambridge, aliona kitabu kilichomshangaza kwa herufi zake, akafuatilia hadi akazikuta Paris bado zikimiminwa. Mwaka 1923 kampuni ya Monotype ya Uingereza ikatoa Baskerville kwa mashine zake, katika mpango ule wa kufufua herufi za kale unaohusishwa na Stanley Morison. Linotype nao wakatoa yao mwaka 1931. Mwaka 1953 Charles Peignot, ambaye kampuni yake ilikuwa imerithi vyuma asilia, alivizawadia Chuo Kikuu cha Cambridge, na vikavuka tena bahari kurudi Uingereza.

Sasa turudi kwenye jambo letu. Anayefufua herufi lazima aamue anafufua nini. Je, achore umbo la risasi, au achore alama iliyobaki kwenye karatasi baada ya wino kutambaa? Hata kwa Baskerville, pamoja na mabamba yake na karatasi yake, vitu hivyo viwili havikuwa sawa. Waliofuata risasi walipata herufi safi, kavu kidogo, ambayo kwenye uchapaji wa kisasa wa ofseti, usiokandamiza chochote, inatoka nyembamba kuliko alivyowahi kuiona Baskerville. Zuzana Licko, mbunifu wa kampuni ya Emigre huko California, alipochora toleo lake mwaka 1996 alifanya kinyume. Alipunguza tofauti ya unene na wembamba ili kurudisha ule uzito wa wino, akakishusha kimo cha herufi ndogo, akaipa fonti jina la Mrs Eaves, kwa heshima ya mtunza nyumba aliyeokoa karakana. Ni fonti nzuri ya jalada na ya mashairi. Kwa kitabu cha kurasa 300 nafasi zake zinalegea, na msomaji anaanza kuhisi maneno yanaelea.

Matoleo ambayo wengi wetu tunayo bila kuyanunua ni mawili. Kompyuta za Apple huja na Baskerville iliyotokana na ile ya Monotype, yenye wima, mlazo na uzito kadhaa. Inatosha kwa kazi ya heshima. Programu za ofisi za Microsoft huja na kitu kiitwacho Baskerville Old Face, na hapa watu hupotea. Hiyo si ya Baskerville. Ni ya Isaac Moore, fundi aliyeiga herufi za Baskerville katika miaka ya 1760 kwa ajili ya kiwanda cha akina Fry, na sura yake imechorwa kwa ajili ya vichwa vya habari. Iweke ukurasa wa jalada kwa ukubwa wa pointi 40 uone inavyotembea. Ukiiteremsha hadi pointi 11 kwa ajili ya ripoti, mistari yake myembamba inafifia, na kwa kuwa haina mlazo wake, kompyuta inaipindisha kwa nguvu ili kukuridhisha. Tena, kuna Libre Baskerville ya Pablo Impallari wa Argentina, inayopatikana bure, iliyochorwa mahususi kwa ajili ya skrini: herufi ndogo zimerefushwa, uwazi wa ndani umepanuliwa, mistari myembamba imetiwa nyama. Kwenye simu ni bora kuliko zote. Kwenye karatasi inaonekana nene na inakula nafasi.

Kwamba sura ya herufi inamgusa msomaji hata asipojua, ni jambo lililowahi kupimwa kwa njia ya kufurahisha. Mwaka 2012 mtengenezaji wa filamu Errol Morris aliweka kwenye gazeti la New York Times jaribio lililojifanya kuuliza kama msomaji ana matumaini au hana. Wasomaji walipewa dai moja wakubali au wakatae. Wasichokijua ni kwamba dai hilohilo lilitokea kwa fonti sita tofauti, Baskerville ikiwa moja, Comic Sans nyingine. Watu karibu 45,000 walijibu. Waliolisoma kwa Baskerville walilikubali zaidi ya wengine. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama asilimia moja na nusu, na sidhani inatosha kumfanya mwongo aaminike. Nadhani inaeleza kitu kingine: miaka 250 ya kuiona herufi hiyo kwenye vitabu vya vyuo, sheria na sala imempa msomaji wa Kiingereza mazoea ya kuiheshimu. Serikali ya Kanada inaandika jina la nchi kwenye nembo yake kwa Baskerville iliyorekebishwa, bendera ikipepea juu ya "a" ya mwisho, na haikuchaguliwa ili ionekane ya kisasa.

Msomaji wa Kiswahili hana mazoea hayo, na labda ni heri. Kwa miaka mingi barua zetu za kazi, tasnifu zetu na vitabu vingi vilikaa kwenye Times New Roman kwa sababu moja tu, ndiyo iliyofunguka ulipofungua Microsoft Word hadi mwaka 2007. Times ilitolewa mwaka 1932 kwa ajili ya safu nyembamba za gazeti, ikabana herufi ili maneno mengi yaingie. Kiswahili hakipendi kubanwa. Neno letu moja hubeba kiima, wakati, yambwa na kitenzi. "Wasingalituambia" ni herufi 16 bila pumziko. Kwenye safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili, maneno kama hayo huacha mapengo meupe yanayotiririka ukurasa mzima. Baskerville ni pana zaidi, inampa kila "m" na "w" nafasi yake, na "w" yake ndogo haina serifu katikati, kwa hiyo mfululizo kama "wawekwao" haugeuki uzio wa miiba. Gharama yake ni kurasa. Kitabu kilichokaa kwenye kurasa 180 kwa Times kitataka zaidi, na mchapishaji anayenunua karatasi kutoka nje ana haki ya kuuliza kwa nini.

Lugha yetu pia inaipa fonti hii sura ambayo Baskerville hakuiona. Q na mkia wake wote wa fahari inakaa bila kazi, labda litokee jina la kigeni. Badala yake "g", ile yenye kitanzi kilicho wazi, inakuja mara kwa mara kwa sababu ya "ng" na "mg" na "gh", na ukurasa wa Kiswahili uliopangwa kwa Baskerville unakuwa na mpigo wa vitanzi vinavyoning'inia chini ya mistari ambao Kilatini cha Virgil hakina. "K" na "a" zinatawala. Huo ni ukurasa wa mviringo na mshazari, si wa nguzo, na kwa jicho langu ni mzuri zaidi kuliko ule wa Kiingereza.

Ila pana kijidudu: ritifaa ya "ng'". Waandishi wengi huiandika kwa alama iliyonyooka ya taipureta, na kwenye fonti ya kawaida haidhuru sana. Kwenye Baskerville, ambako kila mstari una unene na wembamba wake, alama ile iliyonyooka inaonekana kama msumari uliosahauliwa mezani. Mpangaji wa kurasa abadilishe zote, katika ng'ombe na ng'ambo na kung'oa, aweke ile iliyopinda yenye kichwa cha tone na mkia, na ahakikishe programu haijaigeuza upande. Ni kazi ya dakika chache kwa amri ya kutafuta na kubadilisha.

Karatasi ndiyo inayobaki kuwa ngumu. Baskerville aliijenga herufi yake juu ya karatasi nyororo, na sisi tunachapa vitabu vingi kwenye karatasi nyepesi inayofyonza wino, kisha vitabu hivyo vinapelekwa steshenari na kutolewa kopi, na kopi ya kopi. Katika mzunguko wa tatu wa mashine ya fotokopi, mstari wa katikati wa "e" ya Baskerville ndio wa kwanza kutoweka, na "e" inageuka "c". Kwa kitabu cha kiada ambacho unajua tangu mwanzo kwamba wanafunzi kumi watagawana nakala yake moja, singeitumia. Ningechukua fonti yenye mistari inayokaribiana unene. Kwa riwaya, diwani, tawasifu, kadi ya mwaliko, cheti, kitabu cha kumbukumbu ya marehemu, ningeichukua, kuanzia pointi 11, na mistari iachiane zaidi ya kawaida. Na kabla ya kulipia nakala elfu moja ningemwomba mpigachapa anitolee ukurasa mmoja, si kwenye printa yake ya ofisini bali kwenye karatasi ileile na mtambo uleule utakaofanya kazi, ningekwenda nao dirishani, ningetafuta "e" na "a" na "g", nione kama uzi umefika mwisho wake.